Theluji iko Afrika Kusini, mbona bahari ichafuke Kilwa?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nina mashua ya kuvulia hapa Kilwa Masoko, na wazazi wangu wanalima viazi kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, kule Makete, nyanda za juu za Njombe. Karibu kila Septemba, tukishaamini kipupwe kimekwisha, kusi, ule upepo wa kusini, hurudi kwa kishindo na bahari ikachafuka siku tatu nne. Haupiti muda napigiwa simu kutoka nyumbani kwamba viazi vimeungua na barafu. Watu husema ni baridi ya Afrika Kusini, na kweli Septemba 2024 tuliona kwenye taarifa ya habari theluji imefunga barabara kule. Ni baridi hiyohiyo? Na mbona simu yangu huniandikia jua na nyuzi 28?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Wanaosema hivyo hawako mbali na ukweli. Chanzo ni kimoja, ila baridi yenyewe haifiki Kilwa, na ile barafu ya Makete hutengenezwa hukohuko Makete.

Tuanzie kusini. Mwezi Septemba jua linarudi ikweta na bara letu linapata joto, huku bahari inayozunguka Antaktika ikiwa bado imeganda. Barafu yake hufikia upana mkubwa kuliko miezi yote wakati huohuo. Tofauti hiyo ya joto ndiyo inayolisha hewa baridi inayopiga Cape na kupanda kaskazini. Kwa hiyo kipupwe cha Juni hadi Agosti ni hesabu ya wastani tu. Kule hewa inakotoka, msimu haujafungwa. Theluji uliyoiona ilifunga barabara ya N3, inayounganisha Durban na Johannesburg, pale inapokatiza milima ya Drakensberg.

Nyuma ya ukingo wa hewa baridi hufuata mgandamizo mkubwa wa hewa, ambao huungana na ule wa Mascarene, mashariki ya Madagascar. Sisi watabiri hatuhangaiki sana na ukingo wenyewe. Ukishaingia Mlango-Bahari wa Msumbiji, maji ya moto huupasha kutoka chini, na kabla haujatufikia kipimajoto hakiuoni tena. Tunachofuatilia ni mgandamizo. Ukivuka hektopaskali 1030 na kuegemea pwani ya Msumbiji, tunajua kuna msukumo wa kusi unakuja. Hewa hiyo ni nzito na hutambaa chini, unene wake aghalabu kilomita moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo haipandi milima kirahisi. Madagascar iko upande huu, nyanda za juu za bara upande ule. Njia iliyobaki ni kuja kwetu. Kutoka Durban hadi Kilwa ni kama kilomita 2,500. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, hizo ni siku mbili na nusu hivi.

Sasa simu. Haikudanganyi, imejibu swali usilouliza. Nyuzi 28 na jua ni kweli kabisa, kwa sababu baridi imeshamalizikia njiani. Kilichobaki ni upepo, nao uko ukurasa mwingine ambao wengi hawaufungui. Hata ukiufungua, usitazame saa tisa alasiri peke yake, maana saa hizo matlai, upepo unaovuma kutoka baharini mchana, huongezea kusi nguvu kila siku. Tazama saa kumi za usiku. Kusi la kawaida hupungua kabla ya alfajiri, ndiyo maana mnatoka muda huo. Usiku ambao halipungui, msukumo umeshafika.

Kama simu yako ina kipimo cha mgandamizo, linganisha saa nne asubuhi ya leo na saa nne asubuhi ya jana. Usilinganishe asubuhi na jioni: ukanda wetu wa tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kama maji kujaa na kupwa, na ukikosea saa utajitisha bure. Ukikuta umepanda hektopaskali mbili au tatu kwa saa ileile, kaa chonjo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa huandika kwenye angalizo: upepo wa kilomita 40 kwa saa, mawimbi ya mita 2. Kwa meli hilo ni jambo dogo. Kwa mashua, mawimbi laini ya mita 2 huko nje nayo yanavumilika. Hatari iko mlangoni mwa ghuba. Maji yakipwa wakati wa bamvua, siku ambazo hujaa na kupwa kupita kawaida, hutoka ghubani kwa kasi na kukutana uso kwa uso na kusi linaloingia. Hapo wimbi hufupika, husimama wima na kuvunjika. Mashua iliyokaa salama usiku kucha huko nje inaweza kujaa maji pale mlangoni, nyumbani pakionekana. Panga kurudi maji yakiwa yanajaa, hata kama ni kusubiri saa mbili.

Makete ni hadithi nyingine. Msukumo ukipanda nyanda za juu huacha ukungu na manyunyu upande unaoelekea upepo, na kule nyuma hewa hubaki kavu na anga jeupe. Upepo ukiendelea kuvuma hakuna barafu, kwa sababu huchanganya hewa. Ukikoma jioni, ardhi hupoteza joto lake kwenda angani, na hewa iliyopoa huteremka hadi bondeni, kwenye vinyungu vilevile. Kipimajoto kilichowekwa usawa wa kifua kinaweza kusoma nyuzi 3 wakati jani la kiazi limeshafika sifuri.

Moshi wanaouwasha wengi hausaidii. Joto la ardhi hupita ndani yake. Kinachosaidia ni kumwagilia mchana wake, kwani udongo wenye maji hutunza joto na kulitoa usiku, na kufunika miche kwa nyasi jioni kisha kuzifunua asubuhi. Nyasi zilizotandazwa chini kati ya matuta huongeza madhara, maana huzuia joto la udongo lisipande.

Kwa hiyo wewe ndiye wa kuwapigia wazazi. Siku kusi linapokushika Kilwa, wape taarifa, na uwaambie wasubiri upepo wao ukome. Ukikoma mchana na mawingu hakuna, wamwagilie siku hiyohiyo.