"Tukiachana na hayo" ilivyoniponza kikaoni

Mwaka jana nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya binamu yangu hapa Moshi, vikao tulikuwa tunakaa baa moja kule Pasua, Jumapili saa kumi jioni, yaani watu wanafika saa kumi na mbili. Siku hiyo mama mdogo kasimama kutoa ahadi yake, akaanza kueleza kwamba ataandika elfu 50 tu kwa sababu juzi wametoka kuzika Kibosho. Watu kimya. Mimi na daftari langu naona giza linaingia, nikasema "sawa mama, tukiachana na hayo, tuje kwenye keki". Aisee! Akakaa, akajifunika kanga vizuri, hakuongea tena mpaka tunafunga.

Hayo maneno hayana ubaya, ukiwa unapiga stori za Simba na Yanga yatumie tu. Ila mtu akileta msiba, "hayo" ndo msiba wake.

Mwenyekiti wetu ni mzee wa Machame, zamani alikuwa anaendesha watalii Arusha, baada ya kikao akaniita pembeni. Akaniambia mgeni anayelalamika joto njia nzima usimkatishe uanze historia, wewe dandia hilo hilo joto: "umesema joto eeh, subiri tupite Mto wa Mbu tupande ukuta wa Bonde la Ufa, ukifika Karatu utatafuta sweta". Hapo ushahamia kwenye Bonde la Ufa na yeye anaona bado mnaongelea joto lake. Ndo nilichokuja kukielewa, daraja la kuhamia mada nyingine unalijenga kwa neno la mwisho la mwenzio, sio la kwako.

"Umenikumbusha" nayo inasaidia, mradi kweli umekumbushwa. Dada yangu kila akisema "enhe, umenikumbusha" najua inafuata kukopwa, siku hizi nashika pochi kabisa. Kwa wabishi mimi natumia "samahani nikukate kauli", nangoja avute pumzi kwanza.

Na kwenye jambo zito usiharakie daraja, kwanza funga jambo lenyewe. Kikao kilichofuata mama mdogo akagusia tena ule msiba, nikasema "mama hilo tumelipokea, poleni sana", nikaweka kalamu chini, nikanyamaza. Nilisikia mpaka friji ya baa inavyounguruma. Mwenyewe ndo akacheka kidogo, "haya katibu, tuambie basi hiyo keki yako".