Je, inajuzu kumshitaki kwa polisi wakili aliyemhadaa mjane?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mume wangu amefariki na kuacha shamba la michungwa Muheza, mimi na watoto wanne. Nikiwa bado katika eda, wakili wa shemeji zangu alikuja nyumbani, akalishika dole gumba langu akalibonyeza kwenye wino, akasema karatasi ile ni ya kuthibitisha kwamba mimi ni mjane wa marehemu. Mimi sijui kusoma. Kumbe imeandikwa kuwa nimekwisha kulipwa fungu langu lote, na imepelekwa kwenye shauri la mirathi ikiwa na muhuri wa wakili huyo huyo. Kijana wangu anataka twende polisi. Imamu wetu anatuzuia: anasema wakili ni wakala tu, dhambi ni ya aliyemtuma, na kumpeleka Muislamu polisi ni kumvunjia heshima. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus-salaam. Mama yangu, swali lako limenikosesha raha, kwani uliendewa katika siku ambazo hata jirani hubisha hodi kwa sauti ya chini. Ikiwa mambo ni kama ulivyoeleza, kumshitaki kunajuzu, wala huna dhambi.

Kauli ya imamu wenu siikubali hata kidogo. Uwakala hausihi katika jambo la haramu. Anayetumwa kudanganya anadanganya kwa ulimi wake mwenyewe na ataulizwa kwa nafsi yake. Aya ya 105 ya Suratun-Nisaa inakataza kuwa mtetezi wa wafanyao khiyana, na wafasiri wanaeleza kuwa ilishuka Madina, baada ya jamaa wa mwizi kumwendea Mtume (s.a.w.) kumsafisha ndugu yao, ilhali wizi umesukumiwa asiyehusika. Aya ya 109 inawageukia watetezi wenyewe: ni nani atakayewatetea watu hao kwa Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama? Sasa huyo anayesema kwamba mtetezi hana lake katika dhambi, aya hizi anazisomaje?

Ama heshima, aya ya 148 ya sura hiyo hiyo imemruhusu aliyedhulumiwa kuutaja ubaya aliotendewa. Hind binti Utba alimlalamikia mumewe Abu Sufyan mbele ya Mtume kwa ubahili, akapewa jibu wala hakuambiwa kwamba amesengenya. Ajabu ni kwamba heshima ya mwenye muhuri inalindwa, na ya mjane aliyeshikwa kidole haikutajwa.

Hata hivyo, wakili anayewatetea shemeji zako kwa nguvu, akakuhoji kwa ukali na hata akakushinda, hajakosa kwa hilo peke yake. Kosa ni hila ya karatasi, na shitaka lisivuke hapo. Kijana wako hakuwamo chumbani isipokuwa kama hukunieleza, basi asiape kwa asiloliona. Wala msilifanye shitaka kuwa fimbo ya kuwatisha shemeji ili watoe fedha nje ya mahakama.

Tena, polisi hawatakurudishia shamba. Anza mahakamani kwenye shauri la mirathi: iombe nakala iliyothibitishwa ya karatasi hiyo, na mweleze hakimu kuwa unaipinga kabla mgawanyo haujafungwa. Muhuri nao uangaliwe, kwa kuwa sheria ya Makamishna wa Viapo, Sura ya 12 ya Sheria za Tanzania, inamkataza kamishna (mwenye mamlaka ya kuthibitisha viapo) kuthibitisha kiapo katika shauri ambalo yeye ni wakili wa upande mmoja. Malalamiko ya maadili hupelekwa kwa Kamati ya Mawakili, yenye uwezo wa kumwondoa mtu katika orodha ya mawakili. Kuhusu gharama usikate tamaa, kwani Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewekwa kwa ajili ya wasio na uwezo kama wewe.

Fungu lako, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, ni thumuni, yaani sehemu moja ya nane, baada ya madeni na wasia. Shemeji zako wakiipata hukumu kwa karatasi ile, wasidhani imewahalalishia, maana katika hadithi ya Ummu Salama Mtume amesema kuwa anayehukumiwa haki ya nduguye kwa ufasaha wa hoja, amekatiwa kipande cha moto. Wapelekee maneno hayo kupitia mzee wanayemheshimu, na kuanzia leo usiweke dole kwenye karatasi yoyote mpaka mtu unayemwamini akusomee yote, neno kwa neno.