Niliacha Kemia, Pell Ikaniacha Mimi

Barua pepe ilinikuta kwenye maegesho ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi, saa moja asubuhi, nimetoka zamu ya usiku, miguu imevimba. Niliposoma mstari wa kwanza nilidhani wamekosea mtu. Wastani wangu ulikuwa 3.2 kati ya 4. Sikuwa na F, alama ya kufeli, hata moja. Na bado chuo kilikuwa kinaniambia sistahili tena msaada wa masomo wa serikali kuu: ruzuku ya Pell hakuna, mkopo hakuna, hata kibarua cha chuoni cha wanafunzi hakuna.

Naandika haya kwa sababu kila Agosti napigiwa simu na mtu aliyekuja Marekani kutoka Kenya kwa bahati nasibu ya grinikadi kama mimi, anahudumia wazee usiku, na mchana anasaka shahada ya uuguzi katika chuo cha jamii, kile cha miaka miwili. (Wenye viza ya mwanafunzi hili haliwahusu, maana msaada huu hawapewi.) Kujaza FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, wote wanajua, tena wanafundishana kwenye WhatsApp. Kinachofuata baada ya FAFSA ndicho hakuna anayekitaja mpaka kimng'ate.

Kinachofuata kinaitwa SAP, yaani maendeleo ya masomo yanayoridhisha. Kila chuo kina sera yake iliyoandikwa, lakini misingi ni ya serikali. Kwanza wanaangalia wastani wa gredi, na vyuo vingi vinataka 2.0. Hilo mtu wa kwetu halimtishi. Tumekuzwa kwa mitihani. Pili wanaangalia kasi: tangu uanze umejiandikisha krediti (vipimo vya uzito wa somo) ngapi, na kati ya hizo umefaulu ngapi? Vyuo vingi vinataka asilimia 67. Tatu kuna ukomo: huwezi kusaidiwa kupita mara moja na nusu ya urefu wa programu. Shahada ya miaka miwili yenye krediti 60 mwisho wake ni 90 ulizojaribu. Ukigawa 60 kwa 90 utaona ile 67 inatoka wapi.

Mimi niliangushwa na kasi. Wacha niwafanyie hesabu, kwa sababu laiti ningeifanya mwenyewe kwenye kipande cha karatasi nisingefika pale.

Muhula wa kwanza nilichukua krediti 12, nikaacha somo moja la krediti 3. Nikabaki na 9 kati ya 12. Muhula wa pili nikajiandikisha 14. Kwa nini 14 na mimi nafanya kazi usiku? Kwa sababu Pell kamili huanzia krediti 12, na salio baada ya karo lilikuwa linanisaidia kodi ya nyumba. Tusidanganyane, wengi wetu tunachagua idadi ya masomo kwa kuangalia salio. Kwa mwaka wa masomo 2025–26 kiwango cha juu cha Pell ni dola 7,395, na ukisoma nusu unapewa karibu nusu. Kishawishi ni kikubwa.

Muhula huohuo mama akapata kiharusi nyumbani. Nikaongeza zamu ili nitume pesa za hospitali, nikaacha kemia na anatomia, krediti 4 kila moja. Nilijiona mwerevu: heri W, alama ya somo lililoachwa, kwenye transkripti kuliko F. Kwa wastani ni kweli, W haigusi wastani. Lakini kwenye kasi, W na F ni pacha. Zote ni krediti ulizojaribu ukakosa kumaliza. Nilifaulu 6 kati ya 14. Jumla yangu ikawa 15 kati ya 26, asilimia 58 hivi.

Wakanitumia onyo. Msaada uliendelea muhula mmoja zaidi, na mimi kwa kuwa pesa zilikuja, onyo sikulisoma hadi mwisho. Nikachukua krediti 11, nikapita anatomia na sosholojia, nikaacha kemia tena. Maabara yake ilikuwa saa mbili asubuhi, saa moja tu baada ya zamu yangu kuisha. Jumla 22 kati ya 37. Asilimia 59. Hapo ndipo ile barua ya maegeshoni ilipokuja.

Kama ungependa kuacha somo, jua kuna siku chache mwanzoni mwa muhula ambazo unaweza kulifuta kabisa na lisihesabiwe popote. Tarehe hiyo iko kwenye kalenda ya chuo. Ikipita, linabaki kama W.

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kulipa karo mfukoni mpaka kasi irudi: kwangu ingekuwa krediti 9 zote nifaulu, nifike 31 kati ya 46. Sikuwa na hizo pesa. Ya pili, rufaa. Sheria inawaruhusu vyuo kusikiliza rufaa kwa sababu ya kufiwa na ndugu, kuugua au kuumia, au mazingira mengine mazito. Si kila chuo kinapokea rufaa, kwa hiyo uliza mapema.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu za kilio. Mama, umbali, uchovu, Mungu. Mama mmoja kwenye dirisha la ofisi ya misaada aliisoma palepale kabla sijaiwasilisha, akanirudishia. Alisema kwa upole kwamba nimemweleza vizuri nilivyoumia, lakini sijamweleza kimebadilika nini. Kumbe hilo la pili ndilo swali lenyewe. Wanataka kujua mambo mawili: kwa nini ulishindwa, na kwa nini muhula ujao utaweza.

Nikaandika upya, ukurasa mmoja. Nikaambatanisha barua ya hospitali ambayo ndugu yangu aliipiga picha na kunitumia. Nikaeleza kwamba nimehama zamu za usiku na kuchukua za wikendi, nikaambatanisha ratiba mpya yenye saini ya msimamizi. Nikaeleza kwamba sasa tumegawana gharama za mama watoto wote wanne. Kikao hicho cha familia kwenye simu kilikuwa kigumu kuliko kemia. Kaka yangu mkubwa hakuongea nami wiki mbili, kwa sababu aliye Marekani eti ana pesa.

Wakakubali kwa masharti. Waliniruhusu masomo mawili tu kila muhula, na kwa mwendo huo muhula mmoja usingetosha kunirudisha kwenye 67, kwa hiyo nilipewa mpango wa masomo wa mihula miwili: nifaulu yote, W hata moja isionekane.

Mambo machache zaidi ninayoulizwa. Ukipata simu ya msiba usipande ndege tu ukapotea. Ukiacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya msaada hurudishwa, na chuo kinaweza kukudai tofauti. Pita ofisini kwanza. Krediti za Kenya zikikubaliwa, zinahesabiwa kuwa ulizojaribu na ulizofaulu, kwa hiyo zinasaidia kasi lakini zinakusogeza karibu na ule ukomo wa 90. Na D, hii ni ya wauguzi: kwa msaada wa serikali D ni kufaulu, kwa programu ya uuguzi kwa kawaida si kufaulu. Unaweza kulipiwa kulirudia somo hilo mara moja tu. Ukihitaji mara nyingine, mfuko ni wako. Tena Pell ina kikomo cha maisha, sawa na mihula 12 ya kusoma kwa muda wote, na ile mihula uliyojaza W inakatwa humohumo.

Kemia niliichukua kwa mara ya tatu, Jumanne na Alhamisi alasiri, nimelala vizuri. Nilipata C. Niliipiga picha nikamtumia mama, naye akauliza mbona si A.