Seva inakata tukitoka kuswali Ijumaa

SWALI: Habari za kazi kaka fundi. Nina duka la vitenge Kariakoo na tawi dogo Mbagala, seva ya PostgreSQL (programu inayotunza data za mauzo) iko Kariakoo, kompyuta zote ni Ubuntu. Asubuhi wateja wakijaa programu ya mauzo haisumbui hata kidogo, ila Ijumaa tukifunga kwenda kuswali, tukirudi mteja wa kwanza wa Mbagala anasimama kaunta na kitenge mkononi skrini imeganda, mpaka robo saa hivi ndo inasema koneksheni imekatika. Nikipiga pingi (kuita seva kujaribu kama inafikika) inajibu vizuri tu. Kuna fundi kasema seva imechoka ninunue nyingine. Kweli?
Msomaji, Kariakoo

JIBU: Hapana ndugu yangu, hela yako usiitoe kwanza. Seva iliyochoka ingezidiwa asubuhi wateja wakijaa, yako inakata pakiwa kimya, na hapo mi naangalia ruta. Ruta inaweka kumbukumbu ya kila koneksheni inayopita, ikiona hakuna kinachopita kwa muda fulani inaifuta, na haimwambii mtu, seva inajua mteja yupo na Mbagala wanajua seva ipo. Kuna mwongozo wa intaneti wa 2008, RFC 5382, unaotaka kumbukumbu hiyo ikae angalau saa 2 na dakika 4, lakini ruta nyingi hazifiki huko. Na ile robo saa ni Linux yenyewe, yaani mfumo ulio ndani ya Ubuntu, inarudia kutuma mara 15 bila kujibiwa ndo inakata tamaa. Pingi kila ukiipiga inaanza upya, ndo maana inakudanganya.

Sasa pima. Mbagala wauze kitu kimoja, waache dakika 5 bila kugusa wajaribu tena, halafu 10, halafu 20, waandike ilipoganda. Linux kwa kawaida inasubiri sekunde 7200, yaani saa 2 nzima, ndo ibishe hodi kuuliza kama upande wa pili upo, na hapo ruta imeshasahau zamani. Fungua postgresql.conf, faili la mipangilio ya PostgreSQL, weka tcp_keepalives_idle = 120, yaani seva ibishe hodi baada ya sekunde 120 za kimya, PostgreSQL isome upya, kisha funga programu ya mauzo uifungue tena ili koneksheni zianze upya na mpangilio mpya. Kama iliganda chini ya dakika 5 weka 60.

Ingekuwa inakata wakati wa wateja wengi ningekwambia uanze na waya na swichi. Ijumaa hii nendeni mkaswali, mkirudi ruta msiizime, muuzie mteja wa kwanza halafu uniandikie imekuwaje.