Muulize Mama Spana: Kabla hujalishusha gari, litikise gurudumu

Shikamoo Mama Spana. Nina MGB ya mwaka 1972, gari dogo la michezo la Kiingereza, ile ya wazi yenye bampa za kromu, niliyorithi kwa mjomba. Kuitazama ni raha, lakini kwenye kona inalala kama mtumbwi, na barabara ikiwa na mawimbi mkia unarukaruka. Nimeshanunua springi fupi za mbele za kuishusha sentimita 4, vipande vya chuma vya kushusha nyuma, shokapu nne za bomba, bushi za poliyurethani (plastiki ngumu ya kuwekwa kwenye viungo badala ya raba) za gari zima, na stabilaiza nene (fimbo ya chuma inayozuia gari kulala kwenye kona). Nina jeki, boksi la spana na banda lenye sakafu ya saruji. Nataka kufunga vyote wikiendi moja. Nianzie wapi?

Marahaba, mwanangu. Anza kwa kuyaacha hayo maboksi ukutani bila kuyafungua. Sisemi urudishe vitu. Ninachosema ni kwamba gari lenye umri wa zaidi ya miaka 50 halijakuonyesha bado tabia yake. Unachokiendesha sasa ni uchakavu, na ukifunga springi ngumu juu ya uchakavu utapata gari gumu lililochakaa.

Inua mbele, uweke stendi za chuma chini ya chesisi pande zote mbili. Jeki ni ya kuinulia tu. Hakuna anayeingia chini ya gari lililosimama kwa jeki. Sasa shika gurudumu kwa mikono miwili, mmoja juu na mwingine chini, ulitikise kwa nguvu kuelekea kwako na mbali nawe. Likicheza, mwite mtu akae ndani akanyage breki, kisha tikisa tena. Kama mchezo umetoweka, beringi ya gurudumu ndiyo iliyolegea. Kama umebaki vilevile, ugonjwa uko kwenye kingpini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia) au bushi za jirani yake, na hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza. Stabilaiza isubiri.

Hizo kingpini zina nipeli tatu za grisi kila upande. Zipige grisi magurudumu yakiwa yananing'inia, mpaka uone grisi mpya ikisukuma ile nyeusi nje. Wengi hupiga gari likiwa limekaa chini kwa sababu ni rahisi, na grisi haifiki upande uliobeba uzito, ambao ndio unaolika.

Halafu shokapu. MGB ilitoka kiwandani Abingdon, Uingereza, na shokapu za mkono (kisanduku cha mafuta chenye mikono ya chuma), si za bomba. Ile ya mbele si shokapu tu. Mikono yake ndiyo mkono wa juu wa kubebea gurudumu. Ekseli yake ndogo ikilika, mafuta yanavuja na papo hapo gurudumu linaanza kuegama. Ndiyo maana sizipendi sana zile seti za bomba za mbele: nyingi zinaacha shokapu ya zamani palepale ifanye kazi ya mkono, kwa hiyo iliyochakaa inabaki imechakaa, umeiongezea tu mwenzake wa kupendeza. Kwa gari la barabarani, shokapu ya mkono iliyofanyiwa ukarabati na kujazwa mafuta sahihi inatosha kabisa. Za nyuma ukitaka bomba, sawa, ila hakikisha mikanda ya kuzuia ekseli isishuke kupita kiasi ingali mizima. Mkanda ukikatika, shokapu ndiyo itakayobeba uzito wa ekseli kila gurudumu linaponing'inia, na haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Mkia unaorukaruka mara nyingi ni springi za nyuma zilizochoka, bushi zake zilizosagika, au yubolti zilizolegea. Pita nazo zote kwa tochi. Angalia na matairi pia, hata kama kashata zake zimejaa: tarakimu nne za mwisho ubavuni zinataja wiki na mwaka, kwa hiyo 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Raba ya umri huo imeshakuwa ngumu, na hakuna springi itakayoifanya ishike lami.

Tukija kwenye kushusha, sentimita 4 ni nyingi mno kwa gari hili. Safari ya springi kwenda juu inapungua, na gari linaanza kukaa juu ya raba za kugotea. Likigota katikati ya kona, upande huo unakuwa mgumu ghafla na tairi linaachia. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Mikono ya mbele ikishaanza kupanda kuelekea nje badala ya kulala sawa, ile nukta ambayo bodi hulalia kwenye kona inashuka haraka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka. Unaweza kulishusha gari likazidi kulala. Mwishoni mwa 1974 kiwanda kiliiinua MGB pamoja na zile bampa nyeusi za raba ili kutimiza masharti ya Marekani, na wenye magari hayo ndio wenye sababu ya kushusha: wanarudi pale lilipokuwa. Lako liko pale tayari. Kama ni lazima, sentimita 2, basi.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: matairi, kingpini na grisi, shokapu, bushi. Endesha. Ndipo ufunge stabilaiza, uendeshe tena. Springi ziwe za mwisho, kama bado utazitaka. Ukifunga vyote wikiendi moja na gari likawa baya, hutajua ni kipi kilicholiharibu.

Kwa bushi za mikono ya chini mbele, waulize wauza vipuri zile za MGB GT V8, gari lililotengenezwa kati ya 1973 na 1976. Raba yake imegandishwa kwenye bomba la chuma, na zinadumu kuliko za asili zilizokatwa nusu mbili. Ila zina sharti. Raba iliyogandishwa haizunguki, inajinyonga. Ukikaza nati gari likiwa juu ya stendi na mikono inaning'inia, siku ukilishusha raba inabaki imejinyonga muda wote, gari linakaa juu kuliko inavyopaswa, na bushi zinachanika mapema. Kaza kwa mkono tu kwanza. Shusha gari likae kwa magurudumu yake, lisukumesukume lijilaze, ndipo ukaze nati mpaka mwisho. Kabla ya yote haya, pima kutoka katikati ya habu mpaka ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike. Usipime kutoka sakafuni, maana upepo wa matairi utakudanganya.

Springi ya mbele ndiyo inayoweza kukuumiza. Imebanwa kati ya krosimemba (boriti ya chuma inayokatiza chini ya gari) na sinia lake la chini, na ikiruka inavunja mfupa. Gari likiwa juu ya stendi na gurudumu limetoka, weka jeki chini ya sinia uinue kidogo. Toa bolti mbili za pembe zinazotazamana, uweke mahali pake vyuma virefu vyenye nyuzi na nati zake. Ndipo utoe bolti zilizobaki, uishushe jeki, kisha ulegeze nati za vile vyuma virefu kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, mpaka springi ilegee yenyewe. Uso wako usiwe mbele yake hata dakika moja.

Mwisho pima magurudumu ya mbele: upande wa mbele uwe umekaribiana kuliko wa nyuma kwa milimita 1.5 hadi 2.3. Kuegama kwa gurudumu hakuna pa kurekebishia kwenye MGB, kwa hiyo usimlipe mtu kwa kazi hiyo.

Mama, nina MG Midget ya 1974. Nilifunga bushi za poliyurethani kila mahali. Kona safi, lakini kila tuta linalia kama kitanda kibovu.

Pole, kaka. Bushi ya poliyurethani, tofauti na ile ya raba, inazunguka juu ya bomba lake, na pakiwa pakavu panalia. Zitoe, zisafishe, uzipake grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili yake. Za springi za nyuma ningezirudisha raba: gari likilala, ekseli inataka springi ijinyonge kidogo, na bushi ngumu inainyima nafasi hiyo. Kwenye stabilaiza ziache, hapo ndipo zinafaa kweli.

Shikamoo. Triumph Spitfire yangu ni ya 1968. Nimeambiwa nikiachia mafuta katikati ya kona itanigeuka. Ni kweli au ni maneno ya vijiweni?

Marahaba. Ni kweli. Magurudumu yako ya nyuma yanabembea kutoka kwenye difu (kisanduku cha gia katikati ya magurudumu ya nyuma), na springi moja bapa imelala juu yake. Ukiachia mafuta, nyuma inanyanyuka, magurudumu yanajikunja kuingia chini ya gari, na tairi linabaki limesimama kwa ukingo. Mwaka 1970, kwenye toleo la Mark IV la Spitfire, kiwanda kiliacha kuyabana majani yote ya springi kwenye difu ili mengine yabembee, kikaongeza na stabilaiza nene mbele. Vyote viwili vinaingia kwenye lako, lakini vifunge pamoja: springi hiyo peke yake inaifanya nyuma iwe laini sana, na gari litalala.

Na hapa mwenye MGB atanishangaa: lako ukilishusha nyuma kidogo, kwa kipande cha chuma kati ya springi na difu, linatulia, kwa sababu magurudumu yanaanza yakiwa yameegama kwa ndani.

Ila ushauri wa grisi niliompa mwenye MGB usiuchukue. Viungo vya chini vya mbele kwenye Spitfire vinataka mafuta ya gia namba 90, si grisi. Grisi ikiganda humo nyuzi zinakaukiwa, maji yanaingia, pini inakatika na gurudumu linalala chini ya madigadi. Kama hujui mwenye gari wa kabla yako alitia nini, fungua uoshe kwanza.