Kwa nini timu ya ushindi 8 iliachwa nje ya mtoano wa FCS?

Kushinda mechi 8 hakukupi tiketi. Mtoano wa FCS (ngazi ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo iliyo chini ya FBS, ile ya juu kabisa) una timu 24: mabingwa wa konferensi nyingi, yaani ligi za vyuo, huingia moja kwa moja, waliobaki huchaguliwa na kamati. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu kamati huangalia uliwashinda akina nani. Ukijaza ratiba yako na timu za Divisheni ya Pili, ngazi iliyo chini ya FCS, ushindi huo hauna uzito wowote wa maana. Kupoteza ugenini kwa timu kubwa ya FBS, kwa upande mwingine, hakuumizi sana (na chuo hulipwa vizuri kwenda kufungwa huko).

Mabingwa wa SWAC na MEAC, konferensi mbili za vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi, usiwahesabu. Wao huenda Atlanta kucheza Celebration Bowl, mechi yao wenyewe nje ya mtoano.

Namba ya upangaji, yaani nafasi ambayo kamati huipa timu kwa ubora, nayo ni muhimu. Tangu 2024 zinapangwa timu 16. Nane za juu huruka raundi ya kwanza, kwa hiyo zinahitaji ushindi 4 kubeba kombe badala ya 5, na ya 9 hadi 16 huanzia nyumbani. Na nyumbani kuna faida: Desemba kule Bozeman, Montana, makao ya Montana State, baridi peke yake ni beki wa ziada. Fainali ya Januari 2025 ilichezwa Frisco, Texas, uwanja usio wa yeyote: North Dakota State, namba 2, wakawalaza Montana State, namba 1, kwa 35-32.