Msaidizi anapiga simu kila wiki, kocha mkuu kimya

Ndugu yangu, umeuliza kama mwanao aliyeko Marekani amwamini kocha msaidizi anayempigia kila Jumapili kumvuta kwenye timu ya chuo, ilhali kocha mkuu wa chuo hicho hajamtafuta hata mara moja. Usiogope. Kusaka vijana ni kazi ya wasaidizi hasa. Ndio wanaoshinda kwenye viwanja vya sekondari, wanaojua hadi jina la bibi ya kijana. Ila msaidizi huhama. Pale Duke, chuo kikuu kinachojulikana kwa mpira wa kikapu, msaidizi Jeff Capel alisifika kwa kuleta vipaji, na Machi 2018 akaenda chuo kikuu cha Pittsburgh kuwa kocha mkuu. Mchezaji Zion Williamson, aliyekwishaichagua Duke, hakumfuata. Alicheza chini ya Mike Krzyzewski, kocha mkuu wa Duke wakati huo. Anayepanga dakika za kucheza ni mkuu. Mwanao aombe kuongea naye ana kwa ana. Mkuu akikwepa, mwanao asisaini kujiunga na chuo hicho.